Uvumi wa vita vya mbali ukifika mtaani: namna ya kuukamata kabla haujagombanisha majirani

Mwongozo huu ni wa watu wa Uganda: admini wa grupu la WhatsApp, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), kiongozi wa RWC (kamati ya wakimbizi wenyewe) katika makazi ya wakimbizi, imamu, mchungaji, mwalimu na mwenyekiti wa steji ya boda. Hao ndio wanaofikiwa na ujumbe wa vita wakiwa bado na nafasi ya kufanya kitu. Vita vyenyewe vinaweza kuwa Khartoum, Goma, Gaza au Kyiv. Tunachoshughulikia hapa ni yale yanayotokea Nakivale, Kiryandongo, Katwe au Arua saa chache baada ya video kuingia kwenye simu.

Uganda imehifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, wengi wao wametoka Sudan Kusini, Kongo na Sudan. Mara nyingi watu waliotoka pande mbili za vita moja wamepewa viwanja katika kijiji kimoja, na wanapanga madumu kwenye bomba moja. Gharama ya neno lisilochunguzwa tunaijua. Tarehe 8 Julai 2016, Rais wa Sudan Kusini Salva Kiir na makamu wake wa kwanza na hasimu wake Riek Machar wakiwa mkutanoni ndani ya ikulu ya Juba, msemaji wa Machar aliyekuwa Nairobi aliandika Facebook kwamba Machar anakamatwa humo ndani. Nje, walinzi wa pande mbili ambao tayari hawakuaminiana walirushiana risasi. Uhasama ulikuwepo zamani, na andiko moja halianzishi vita vizima, lakini liliwakuta watu wameshika bunduki. Mamia waliuawa siku chache zilizofuata. Mwezi wa Agosti makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi yalifunguliwa kule Yumbe, Uganda, na kabla mwaka haujaisha yalikuwa na watu zaidi ya 250,000.

Chambo na ndoano

Kazi hii haianzii kwenye picha. Ujumbe unaogombanisha majirani huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni chambo: maiti barabarani, nyumba inayoungua, mama anayelia. Mara nyingi chambo ni cha kweli, hata kama kimetolewa mahali pengine au mwaka mwingine. Ya pili ni ndoano: ile sentensi inayomvuta mtu wa karibu na kumfunga kwenye tukio la mbali. "Na ndugu zao tunaishi nao hapa." "Pesa za silaha zinachangwa kwenye lile duka la pembeni." "Wameshafika zoni B, wanajifanya wakimbizi." Kama una dakika tano tu, zitumie kutafuta ndoano. Chambo utakichunguza baadaye.

Tazama ilivyotokea mbali na hapa. Tarehe 29 Oktoba 2023, vita vya Gaza vikiwa na wiki tatu, uvumi ulienea kwenye Telegram kule Dagestan, Urusi, kwamba ndege kutoka Tel Aviv inaleta wakimbizi wa Kiisraeli kuja kuishi pale. Umati ulivunja milango ya uwanja wa ndege wa Makhachkala, ukaingia hadi zinapotua ndege kuwatafuta Wayahudi. Watu walikuwa na uchungu kwa ajili ya Gaza, na uchungu ule ulikuwa wa kweli. Ndoano ilikuwa "wanakuja kwetu leo". Mapema Machi 2022, mjini Przemyśl, Poland, uvumi ulidai kwamba watu weusi na wengine wenye ngozi ya rangi waliovuka mpaka kutoka Ukraine wanafanya uhalifu. Polisi walitangaza kwamba hawakupokea taarifa za uhalifu wa namna hiyo, lakini makundi ya wanaume yalikuwa yameshaingia mitaani kuwashambulia wageni. Vijana wa Kiafrika waliokuwa wakisoma Ukraine walipita mpaka ule ule.

Huku kwetu ndoano mara nyingi ni neno moja. Kumwita kila Mtutsi wa Kongo "M23", kila Mhutu "FDLR", kila mtu wa Darfur mwenye asili ya Kiarabu "Janjawidi", ni ndoano tayari, hata bila sentensi. Hayo ni majina ya makundi yenye silaha: M23 ni waasi wa mashariki mwa Kongo, FDLR ni wapiganaji wa Kihutu kutoka Rwanda walioko Kongo, na Janjawidi ni wanamgambo wa Kiarabu wa Darfur. Ndoano ya vita vya Kivu, mashariki mwa Kongo, haiishii kwa wakimbizi. Banyarwanda na Bafumbira, wanaozungumza lugha za jamii ya Kinyarwanda, wametajwa katika Katiba ya Uganda ya 1995 miongoni mwa jamii za nchi hii, lakini video kutoka Goma ikiingia grupu la soko la Kisoro au Mbarara, wao pia huanza kuulizwa "nyie mko upande gani?" Ukisikia swali hilo kwa sauti ya utani, lichukulie kama dalili ya kwanza.

Sikiliza pia majina ya wadudu, wanyama na magonjwa. Redio RTLM iliyoanza Rwanda mwaka 1993 iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, kwa miezi mingi kabla ya mauaji ya 1994. Kila lugha ina maneno yake ya aina hiyo na mtafsiri wa simu hayajui. Kaa na mzee mmoja wa kila lugha iliyoko mtaani kwako, mwombe akutajie maneno ambayo yakitamkwa yeye mwenyewe husimamisha chai mdomoni.

Pima haraka kabla ya kuchunguza

Si kila ujumbe unastahili mbio zile zile. Chambo bila ndoano: una muda hadi jioni. Chambo chenye ndoano ya jumla ("hawa watu si wa kuaminika"): shughulika ndani ya saa moja. Ndoano yenye mahali pa karibu pamoja na muda ("leo usiku, kwenye block ya tatu"): usianze kuchunguza picha. Piga simu kwanza. Kwenye makazi, mpigie kiongozi wa RWC wa upande unaotishiwa, kisha ofisi ya kamanda wa makazi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Mjini, LC1 na kituo cha polisi kilicho karibu, au 999 na 112. Ukweli wa video ya Khartoum unaweza kungoja mpaka asubuhi. Familia iliyotajwa haiwezi.

Maandalizi, na haya yafanywe wakati wa utulivu

Unahitaji watu wanane hadi kumi, si zaidi, na wasifanane. Mchanganyiko mzuri: wanawake wasiopungua nusu, angalau mmoja kwa kila lugha kubwa ya mtaa, mtu wa steji, mtu wa soko, mwalimu, kiongozi mmoja wa dini kutoka kila nyumba ya ibada, na vijana wawili wanaoshinda TikTok. Wapangeni wawili wawili kwa kuvuka pande: Mnuer na Mdinka, Munyamulenge na Mbembe, Mkristo na Mwislamu. Uvumi ukija, wawili hao huuchunguza pamoja na kuutolea jibu pamoja. Jibu linalotoka upande mmoja tu, hata likiwa sahihi, huonekana kama utetezi.

Wekeni makubaliano ya grupu yenye mistari michache, yasomwe kwa sauti kwenye mkutano kabla ya kuandikwa: hatuweki maiti wala watu wanaoteswa, anayeleta habari ya vita aseme ameona mwenyewe au ametumiwa, admini anaweza kufuta, lakini akifuta ataeleza sababu siku hiyo hiyo. Kipengele cha mwisho ndicho kinacholinda imani ya watu.

Kisha andaeni simu. Angalau mbili ziwe na Google Lens, inayotafuta mtandaoni ilikowahi kutokea picha. Sevuni anwani za wanaoaminika kwa eneo husika: Radio Okapi na Congo Check kwa Kongo, Radio Dabanga na Beam Reports kwa Sudan, Eye Radio na Radio Tamazuj kwa Sudan Kusini, PesaCheck kwa Afrika Mashariki kwa jumla, na idhaa za Kiswahili za BBC, DW na RFI. Kwa kuwa Facebook ilifungwa Uganda mwezi Januari 2021, kazi nyingi ya kutafuta chanzo cha andiko la Facebook hapa hufanywa kwa VPN, yaani programu inayopita kando ya kizuizi hicho. Mwenye VPN kwenye timu ajulikane mapema, msije mkaanza kutafuta saa tatu usiku.

Kuchunguza picha, video na sauti

Anza na alama za WhatsApp. Mshale mmoja maana yake umetumwa mbele kutoka kwa mwingine. Mishale miwili maana yake umepita mikono mitano au zaidi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo hutumwa kwa chati moja tu kila mara. Mishale miwili haithibitishi uongo. Inakuambia tu kwamba aliyekutumia hajui ulikotoka, kwa hiyo usimbane sana.

Usihesabu ni mara ngapi umeupokea. Kule Paris, Oktoba 2023, nyota za Daudi, alama ya Wayahudi, zipatazo 250 zilichorwa kwenye kuta usiku, na picha zake zikasambaa kwa kasi kubwa. Serikali ya Ufaransa ilieleza baadaye kwamba akaunti bandia 1,095 kwenye X zilizofungamana na Urusi zilizichapisha mara 2,589. Michoro ilikuwa ya kweli; umati uliokuwa ukiipigia kelele ndio ulikuwa wa kutengenezwa. Kwenye makundi yetu hutokea hivyo hivyo kwa kipimo kidogo: sauti ile ile kwenye makundi kumi yote imetoka kwa mtu mmoja aliye kwenye makundi yote kumi. Muulize kila aliyetuma, "Umeipata kwa nani?" Ukirudi nyuma hatua mbili au tatu, mara nyingi njia zote zinakutana.

Kwa video, fanya hivi:

1. Simamisha video upige skrinishoti nne: sekunde ya kwanza, penye kibao au maandishi, penye jengo au mlima, na penye gari. Skrinishoti zinakula bando dogo kuliko kupakia video.
2. Zikate zibaki na kitu chenyewe. Ondoa maandishi yaliyobandikwa juu, maana ndiyo yanayoipoteza Lens.
3. Zipitishe Lens moja moja. Tafuta tokeo la zamani kuliko yote, hata kama si la juu. Mwenye kompyuta atumie programu ya InVID-WeVerify, ambayo hukata video yenyewe kuwa picha.
4. Lens ikikosa, tazama kwa macho. Kongo, Sudan, Sudan Kusini, Rwanda na Burundi magari hupita kulia. Uganda, Kenya na Tanzania hupita kushoto. Goma ina mawe meusi ya volkano barabarani na kwenye kuta. Video ya "Goma" yenye udongo mwekundu kila mahali itilie shaka. Khartoum ni tambarare. Vilima vya kijani havipo.
5. Pima saa. Goma, Bukavu, Juba na Khartoum ziko nyuma ya Kampala kwa saa moja. Goma jua huzama karibu saa 12 jioni ya kwao, wakati Kampala ni saa 1. Mtu anayesema "sasa hivi" huku nyuma yake ni mchana mweupe, na ujumbe wenyewe umetumwa usiku, anarudia kitu cha zamani.

Usitegemee taarifa za siri za picha zinazoonyesha tarehe na mahali: WhatsApp huzifuta inapobana picha. Zinabaki tu kama mwenye picha ameituma kama dokumenti. Ukimpata mpigaji mwenyewe, mwombe afanye hivyo.

Video za usiku zenye mizinga na ndege zina ugonjwa wao. Baadhi ni za mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3. Kampuni iliyoutengeneza, Bohemia Interactive ya Prague, ililazimika kutoa maelezo mwaka 2022 namna ya kuzitambua: picha hafifu, kamera inayotikisika, giza, sauti imezimwa, na watu hawaonekani au wanatembea kwa ukakamavu. Kwa sura za viongozi wanaotangaza mambo makubwa, kumbuka ile ya Zelenskyy ya Machi 2022 aliyeonekana akiwaambia wanajeshi wake waweke silaha chini: kichwa hakikulingana na mwili, na sauti haikuwa yake. Za siku hizi zimeboreshwa, kwa hiyo usishindane na macho. Tafuta kama tangazo hilo liko kwenye kituo chake rasmi.

Dai la "kijiji chote kimechomwa" linaweza kupimwa bure kwa ramani ya NASA iitwayo FIRMS, ambayo huonyesha sehemu zenye joto kali kwa vipande vya mita 375, saa chache baada ya setilaiti kupita. Mitego ni miwili. Mawingu huficha moto, kwa hiyo kutoona alama si ushahidi kwamba hakukuungua. Na wakati wa kiangazi wakulima wanachoma mashamba, kwa hiyo alama nyingi porini si lazima ziwe vita.

Ujumbe wa sauti ndio mgumu kuliko vyote, na ndio unaoaminiwa kuliko vyote, kwa sababu una kilio na lafudhi ya nyumbani. Hakuna programu itakayokusaidia. Andika madai yake kwenye karatasi: nani, wapi, lini, wangapi. Kisha mpigie mtu aliye karibu na eneo hilo ambaye hayumo kwenye grupu lenu, na mwingine asiyemjua wa kwanza. Swali ni moja: "Umeona kwa macho yako, au umesikia?" Usimsomee ujumbe kabla hajasema, atakurudishia maneno yako mwenyewe.

Na mtandao ukikatika kule? M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, umeme na intaneti vilikatika sehemu kubwa ya mji. Kimya cha namna hiyo hujazwa na yeyote mwenye sauti. Waambie watu wazi: "Kwa sasa hakuna anayeweza kuthibitisha, tutarudi kwenu kesho saa 4 asubuhi." Kisha rudini saa 4 kweli, hata kama hamna jipya.

Kulijibu grupu

Jibu kwa sauti kwanza, kwa sababu wengi husikiliza badala ya kusoma. Sekunde 45 hadi 60, kwa kila lugha ya mtaa, isemwe na yule mzawa wa lugha. Anza na ukweli, taja uvumi mara moja tu, rudi kwenye ukweli. Usitume tena video yenyewe. Ikilazimu kuionyesha, tuma skrinishoti yenye mstari mnene uliokatiza katikati.

Mfano wa maneno: "Ndugu zetu, wazee wetu, shikamooni. Video ya leo asubuhi tumeichunguza wawili, mimi na dada yetu wa block ya pili. Ni ya mwaka 2021, na haikupigwa Bukavu. Vita vya Bukavu vipo, na kuna familia humu zimefiwa, tunawapa pole. Maneno kwamba waliofanya hivyo wako hapa kwetu hayana ushahidi. Nimezunguka mwenyewe na RWC, hakuna mgeni. Mwenye neno tofauti anipigie mimi, asiliweke kwenye grupu."

Angalia mahali pa pole. Kosa kubwa la wachunguzi, baya kuliko picha isiyotambuliwa, ni kukanusha picha kwa namna inayosikika kama kukanusha msiba. Picha inaweza kuwa ya zamani na mauaji yakawa ya kweli. Kuna siku utachunguza na kukuta kila kitu ni kweli: mahali, tarehe, na waliofanya. Siku hiyo usifiche. Sema ni kweli, toa pole, kisha ishughulikie ndoano peke yake, kwa maana ukweli wa mauaji ya kule haumgeuzi jirani wa hapa kuwa muuaji.

Makosa mengine yanayorudi mara kwa mara: kufuta ujumbe bila neno, na kufikia jioni kila mtu anasema "wanatuficha", kufunga grupu ili admini peke yake aandike kwa siku nzima, watu wakahamia grupu jipya usilolijua (saa mbili zinatosha), na kumwaibisha aliyetuma mbele ya wote. Mwanamke ambaye hajapata simu ya mama yake kwa wiki tatu atasambaza chochote kinachotaja kijiji chao. Mfuate nyumbani, au mpigie. Akikubali, mwombe yeye mwenyewe aseme kwenye grupu kwamba amegundua haikuwa sahihi. Neno lake litafika mbali kuliko la kwako. Mwelekeze pia kwa Msalaba Mwekundu wa Uganda, ambao katika makazi husaidia watu kuwatafuta jamaa waliopotezana nao na kuwapigia simu bila malipo. Aliyepata habari za kwao hana haja ya kutafuta za kwenye grupu.

Polisi waitwe kwa vitisho na uchochezi, si kwa mtu aliyesambaza kwa hofu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ilivyorekebishwa mwaka 2022 iliweka adhabu kali kwa maneno ya chuki na habari za kudhuru. Ukimkamatisha jirani kwa ajili ya video aliyotumiwa, umewapa watu wake sababu mpya ya uhasama, na wengine wote wataanza kukuficha wanachopokea.

Nje ya simu

Uvumi ukishatulia kwenye grupu, nenda ukatazame unapoishi kweli. Sokoni: kuna meza ambayo wateja wa upande mmoja wameacha kununua? Steji: kuna mtu anayerukwa zamu, au abiria wanaomkataa? Shuleni: watoto wamebadilisha walipozoea kukaa? Wenye nyumba: kuna mpangaji aliyeambiwa ahame bila deni? Foleni ya maji ndiyo kipimo tunachokiamini zaidi, kwa sababu haiwezi kuigiza. Madumu yakianza kupangwa kwa makabila, ndoano imeshika hata kama hakuna aliyegombana.

Hapo maelezo hayatoshi. Fanyeni kitu cha wazi pamoja. Wale wawili wa pande tofauti wanunue kwenye meza iliyosusiwa, asubuhi, watu wakiona. Mwenyekiti wa steji atangaze zamu kwa sauti. Imamu na mchungaji waende msibani pamoja.

Wekeni daftari moja, si kwenye simu. Safu zake: tarehe na saa, maneno yenyewe ya ndoano, lugha, mlikoisikia kwanza, mlichokuta, mlichofanya, na hali ya soko na bomba baada ya siku tatu na baada ya wiki mbili. Majina ya waliotuma msiyaandike kabisa. Daftari likiangukia mkononi mwa mtu mwenye kinyongo litageuka kuwa orodha. Likae kwa mtu mmoja na lisomwe mara moja kwa mwezi na timu nzima. Baada ya miezi mitatu minne mtaanza kuona maneno yale yale yakirudi kila mji unapotekwa, na jibu lake mtakuwa mmeshalirekodi.